Upande wa Pili wa Santuri

Februari 1972 timu ya taifa ya Kenya ilikwenda Kameruni kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hatua hiyo. Ilipangwa kundi moja na wenyeji, ikafungwa nao mabao 2 kwa 1, ikatoka sare na Mali na Togo, ikafungasha virago. Wenyeji nao walifika nusu fainali wakatolewa na Kongo-Brazzaville kwa bao 1 bila, na kombe likaenda Brazzaville baada ya Kongo kuishinda Mali 3 kwa 2.

Mashabiki wa soka wanaoyakumbuka matokeo hayo leo ni wachache. Ila mashindano yale yaliacha kitu ambacho hata mtoto wa mwaka huu amekisikia, ajue au asijue. Serikali ya Kameruni ilitaka wimbo wa kuyasherehekea, na kazi hiyo ikampata mpiga saksafoni mmoja mzaliwa wa Douala aliyekuwa akiishi Paris. Alitunga wimbo wa mashindano kama alivyoombwa. Lakini santuri ndogo ina pande mbili, na ule wa pili nao ulihitaji wimbo. Hapo ndipo alipoweka kitu chake mwenyewe, akakiita "Soul Makossa".

Jina lake ni Emmanuel N'Djoké Dibango, maarufu Manu. Alikuwa na umri wa miaka 38. Wimbo wenyewe una urefu wa dakika nne na nusu hivi, lakini miaka iliyoingia ndani yake ni 23, na miaka hiyo ndiyo nitakayoisimulia, kwa sababu ni ya kijana aliyependa jazi kwa moyo wake wote, akalipwa chakula chake cha usiku kwa kupiga kila muziki mwingine.

Manu alizaliwa Douala tarehe 12 Desemba 1933. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Yabassi. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, Mduala. Ndoa ya makabila mawili haikuwafurahisha ndugu wa upande wowote, na mtoto alikua bila kujiona kamili kwa baba wala kwa mama. Nyumbani walikuwa Waprotestanti wa kushika dini. Muziki wa kwanza aliousikia ulikuwa wa kwaya: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nyimbo za Ulaya zilizotiwa maneno ya Kiduala. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kwaya ya kanisa anajua elimu iliyomo humo. Mtu hujifunza kushika sauti yake huku akisikiliza za wenzake.

Mwaka 1949 baba yake alimpakia melini kwenda Ufaransa kusoma. Safari ya kutoka Douala hadi Marseille ilichukua wiki tatu. Kijana alikuwa na miaka 15, na ndani ya sanduku lake mlikuwa na kilo tatu za kahawa. Haikuwa zawadi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka minne tu, kahawa ilikuwa adimu Ufaransa na bei yake haishikiki, hivyo kilo zile tatu zilikuwa ada ya kumlipa mwenyeji atakayemlisha na kumlaza kwa muhula wa kwanza. Miaka 40 baadaye, alipoandika maisha yake, kitabu hakuhangaika kukitafutia jina: kinaitwa "Trois kilos de café", yaani kilo tatu za kahawa.

Alifikia Saint-Calais, mji mdogo wa magharibi mwa Ufaransa. Baadaye akahamia Chartres, akaanza kujifunza piano. Huko ugenini aliisikia sauti ya Louis Armstrong kwenye santuri, na ikamshika. Ilikuwa sauti ya mtu mweusi, na nyimbo zake zilimkumbusha zile za kanisani kwao. Kijana mweusi peke yake katika mji wa wazungu alipata mtu wa nyumbani aliyeishi Marekani.

Aliyemfundisha alfabeti ya jazi hakuwa Mmarekani, alikuwa Mkameruni mwenzake. Katika kambi ya likizo ya wanafunzi wa Kameruni, Saint-Germain-en-Laye, Manu alikutana na Francis Bebey, aliyemzidi umri kwa miaka minne. Huyu ndiye Bebey atakayekuja kujulikana kama mwandishi wa riwaya na mpiga gitaa. Wakati huo alikuwa kijana mwenye gitaa na santuri za Duke Ellington. Akamwonyesha Manu jazi inavyojengwa, wakaunda kikundi cha watu watatu wakipiga nyimbo za Ellington. Na katika miaka hiyo hiyo rafiki yake mmoja alimwazima saksafoni. Ndiyo ala ambayo wapenzi wa dansi kwetu huiita mdomo wa bata.

Akaipeleka Reims, alikokuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari. Alichukua masomo ya saksafoni, na usiku alikuwa akipiga kwenye vilabu na kwenye dansi za vijijini. Huko vijijini hakuna aliyemwomba Ellington. Watu walilipa kiingilio wacheze: waltzi, tango, bolero, chochote kilichokuwa kinatamba mwezi ule. Mwanamuziki ambaye hakukijua hakuitwa tena wiki iliyofuata.

Mwaka 1956 alianguka mtihani, na baba akakata msaada. Kwa mzazi wa enzi ile, aliyempeleka mtoto ng'ambo arudi na cheti, saksafoni ilikuwa hasara tupu. Manu alihamia Brussels akiwa na miaka 22, bila cheti wala mdhamini.

Brussels ilimfaa. Saksafoni yenyewe ina asili ya Ubelgiji: fundi aliyeibuni, Adolphe Sax, ni mzaliwa wa Dinant, na hataza yake ni ya mwaka 1846. Manu akapata kazi vilabuni, akakutana na Marie-Josée, Mbelgiji aliyeitwa Coco, wakaoana mwaka 1957. Ndoa ya mweusi na mzungu katika Ubelgiji ya wakati huo haikuwa jambo dogo. Kongo bado ilikuwa koloni. Na ni Kongo hiyo iliyombadilisha.

Januari 1960 wanasiasa wa Kongo waliitwa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara, kujadili tarehe ya uhuru. Pamoja nao walikuja wanamuziki: Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, na wenzake wa African Jazz, akiwemo mpiga gitaa Nicolas Kasanda, yaani Dokta Nico. Huko ndiko ulikotungwa "Indépendance Cha Cha", wimbo ulioimbwa karibu Afrika nzima mwaka ule nchi 17 zilipojitawala. Mchana wajumbe walibishana na Wabelgiji. Usiku Wakongo wa mjini walikusanyika kwenye klabu ya Les Anges Noirs, yaani Malaika Weusi, na jukwaani alikuwapo kijana wa Kameruni anayepiga saksafoni ya jazi.

Kabasele alimsikia, akampenda, akamwita studio. Hebu fikirini hali ya Manu. Alikuwa amekaa Ulaya miaka 11. Alikuwa ameingia ndani ya jazi kwa juhudi, kama mtu anayejifunza lugha ya ukubwani. Sasa anaambiwa apulize juu ya magitaa ya rumba, muziki ambao wenyewe haumngojei mpulizaji amalize hotuba yake. Magitaa ya Kikongo yanazunguka. Sentensi ya saksafoni lazima iwe fupi, itoke kwa wakati wake, ipishe. Katika jazi ya vilabu mpulizaji huachiwa uwanja akasimulia dakika tano. Katika rumba anapewa upenyo. Kwa masikio yangu, ufupi ule wa "Soul Makossa", ule mdundo wa saksafoni inayosema neno moja na kunyamaza, ulianzia hapo, si Paris wala New York.

Mwaka 1961 Kabasele alimpa mkataba wa mwezi mmoja aende Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa. Manu na Coco walikwenda, na mwezi ule ukawa miaka miwili. Lumumba alikuwa ameuawa Januari ya mwaka huo, Katanga ilikuwa imejitenga, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa kila mahali. Na mji ulicheza. Baa za Léopoldville hazikufunga kwa sababu ya siasa. Manu alipiga saksafoni na piano na African Jazz, kisha akafungua klabu yake mwenyewe, akaiita Tam-Tam.

Hapo ndipo alipofanya mchanganyiko wake wa kwanza uliotia fora. Twisti ilikuwa imewapagawisha vijana wa Marekani na Ulaya. Mwaka 1962 Manu akaitoa "Twist à Léo". Ni wimbo mwepesi, wa kuchezwa, na wapo watakaosema mtu wa Ellington alijishusha. Mimi sioni hivyo. Vijana wa Léopoldville walikuwa wameusikia mtindo huo kwenye santuri za wageni, naye akawapa wa kwao, wenye jina la mji wao. Baba yake alimkatia fedha kwa sababu ya saksafoni. Léopoldville ndio mji wa kwanza wa Afrika uliomlipa kwa saksafoni hiyo hiyo.

Naomba nisimame kidogo juu ya neno jazi, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza. Bendi za Kongo, African Jazz na OK Jazz, zilipiga rumba, bolero na cha-cha. Kwetu vilevile: Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, ikafuatwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz. Mtu wa New Orleans angezisikiliza asitambue jazi yake humo. Neno lilikuwa na maana yake hapa: bendi ya kisasa, yenye ala za kizungu, ya vijana wa mjini. Babu zetu hawakukosea. Walichukua jina wakalitia walichokuwa nacho. Manu alikuja na jazi ya Ellington akaingia kwenye bendi iliyoitwa Jazz na isiyoipiga, akakaa humo bila kuona aibu.

Mwaka 1963 alirudi nyumbani Douala baada ya miaka 14, mikononi akiwa na mke, saksafoni na mipango. Akafungua Tam-Tam nyingine. Kameruni ilikuwa katika vita ya serikali ya Rais Ahidjo dhidi ya waasi wa UPC, na amri ya kutotembea usiku ilikuwa inatumika. Klabu ya muziki haiwezi kuishi mahali ambapo watu hawaruhusiwi kutoka usiku. Ikafa, ikamwachia madeni. Mwaka 1965 alikuwa Paris tena.

Paris ya miaka hiyo nitaipita haraka. Alipiga ogani kwa mwimbaji wa roki Dick Rivers. Aliajiriwa na Nino Ferrer, mwimbaji aliyependa muziki wa soul wa Wamarekani weusi, kama mpiga ogani. Ferrer alipomsikia kwenye saksafoni akamkabidhi bendi aiongoze. Ni kazi ya kusimama nyuma ya mwenye jina, ukipiga alichokitaka yeye. Lakini hapo Manu aliijua soul kwa vidole: gitaa la besi linaloshikilia kirai kimoja bila kuchoka, dramu zisizopamba, ala za kupulizwa zinazopigwa kama ngumi. Mwaka 1969 alitoa albamu yake "Saxy-Party".

Sasa turudi studio, 1972. Mfikirie mtu huyu mbele ya maikrofoni, na vyote alivyobeba. Kuna makossa, muziki wa mtaani wa Douala, uliokuwa umekusanya ngoma za Waduala kama ambasse bey, highlife ya majirani wa magharibi na rumba ya Kongo. Msikilizaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo hufikiri makosa, lakini kwa Kiduala linahusu kucheza. Kuna soul. Kuna jazi. Na kuna upande wa santuri wa kujaza, ambao hakuna waziri atakayeusikiliza.

Besi na gitaa vinaanza kuzunguka, na havibadilishi njia mpaka mwisho. Saksafoni inaingia na kirai kifupi, inarudia, inanyamaza. Kisha sauti yake, nzito, ya chini, haiimbi hasa; inaongea. Analichukua lile neno makossa analikata silabi silabi, anazirusha kama mtu mwenye kigugumizi anayekifurahia kigugumizi chake. Neno limegeuka ngoma. Mwimbaji wa rumba angelipamba. Manu amelitendea alichokuwa akifanya kwenye saksafoni: sauti moja, mkato, upenyo. Kisha saksafoni inarudi na kujiachia, na hapo ndipo mwanafunzi wa Bebey anapotambulika, maana yale ni mafungu ya jazi kabisa, yamekaa juu ya mdundo ambao kijana wa Harlem na kijana wa Douala wote wangeucheza.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye hakutunzwa. Mwenyewe alisimulia kwamba kwao watu waliucheka ule ukataji wa maneno. Timu ya Kameruni ilipotolewa nusu fainali, hamu ya wimbo wa mashindano nayo ikaisha, na santuri ikabaki madukani.

Duka mojawapo lilikuwa Brooklyn, la wahamiaji wa visiwa vya Karibi. Huko aliikuta David Mancuso, aliyekuwa akifanya karamu za dansi nyumbani kwake New York, mahali palipoitwa The Loft, bila pombe kuuzwa na bila matangazo. Watu walikwenda kwa ajili ya muziki na vyombo vyake vizuri. Mancuso akaigeuza santuri, akaupiga upande wa pili. Waliocheza wakataka kujua ni nini. Kutoka hapo ukafika kwa Frankie Crocker, mtangazaji wa redio ya WBLS, naye akaupiga hewani. Mji mzima ukaanza kuitafuta santuri isiyokuwapo.

Zile chache zilizoletwa kutoka Ufaransa zilikwisha. Wajanja wakaziba pengo: bendi mbalimbali za Marekani ziliurekodi wimbo upya kwa haraka, na toleo la kundi lililojiita Afrique likapanda chati za Billboard. Kampuni ya Atlantic ikanunua haki za wimbo wa asili, na mwaka 1973 "Soul Makossa" ya Manu ikafika nafasi ya 35 katika chati kuu ya Marekani. Haukuwa wimbo wa Kiingereza wala wa Kifaransa, mwenyewe hakuwa na jina huko, na haukuanzishwa na kampuni. Watu wa kucheza ndio walioutoa.

Manu alialikwa Marekani, akapanda jukwaa la Apollo pale Harlem, ambalo Ellington wake alilipanda kabla yake. Agosti 1973 alisimama Yankee Stadium na Fania All-Stars, wakuu wa salsa, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Kwa mtu aliyejifunza rumba kwa Kabasele, salsa haikuwa ngeni. Rumba ya Kongo na salsa ni watoto wa Kuba, na Kuba yenyewe ilipata ngoma zake kutoka Afrika.

Mengine ni marefu, yanatosha makala yake. Alipiga rege Kingston na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, alirekodi na Herbie Hancock mwaka 1985, na hakuacha kuongeza. Ila siwezi kuliruka jambo moja, kwa sababu linaniuma kama linavyopaswa kumuuma kila anayetunga.

Mwishoni mwa 1982 Michael Jackson alitoa albamu ya "Thriller". Wimbo wake wa kwanza, "Wanna Be Startin' Somethin'", unamalizikia kwa kiitikio kilichojengwa juu ya zile silabi za Manu. Jina la Manu halikuwapo. Alidai haki yake, na mwaka 1986 wakamalizana nje ya mahakama kwa malipo. Mwaka 2007 Rihanna akatumia silabi hizo hizo katika "Don't Stop the Music", baada ya kuomba ruhusa. Aliyeombwa ni Jackson. Manu, akiwa na miaka 75, alirudi mahakamani Ufaransa mwaka 2009. Dai lake halikupokelewa, kwa kuwa katika shauri la awali kuhusu wimbo wa Rihanna alikuwa amekubali jina lake liandikwe kwenye matoleo ya wimbo huo nchini Ufaransa, na mahakama ikaona kwamba kwa kukubali hivyo alikuwa ameacha kudai zaidi.

Silabi zile zilizochekwa Douala zimeuzwa kwa mamilioni ya nakala duniani. Manu Dibango alifariki karibu na Paris tarehe 24 Machi 2020 kwa ugonjwa wa Korona, akiwa na miaka 86, wakati hata mazishi ya watu wengi yalikuwa hayaruhusiwi.

Nina ombi moja kwa watangazaji na wapiga santuri wetu, Dar, Nairobi, Mombasa, Bujumbura. Mkiupiga wimbo ule wa Jackson au ule wa Rihanna, kiitikio kikifika, litajeni jina la mwenyewe. Kisha pigeni "Twist à Léo", watu wasikie alianzia wapi.